Stempu Alipoambiwa Asambaze

Benchi letu liko pale barabara ya lami inapokutana na ya vumbi, kati ya kibanda changu cha kushonea viatu na saluni ya kinyozi. Lina miguu minne, mmoja wa kuazima: nimeuungia kisigino cha buti ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua. Mimi nakaa kwenye kigoda changu nikishona, kwa hiyo sihesabiwi miongoni mwa wanaopoteza muda. Nasikiliza tu, na mara mojamoja nachomekea neno. Kahawa ni ya Shangazi. Si shangazi wa mtu yeyote pale, ila anatugombeza kama shangazi, jina likamkaa. Jumanne hiyo alikuwapo Kipara, yaani kinyozi mwenyewe, ambaye kichwani hana hata unywele mmoja wa kumtangazia biashara. Alikuwapo pia Kamusi, mwalimu mstaafu, anayeitwa hivyo kwa sababu ana kamusi kubwa nyumbani na haturuhusu tusahau. Ilipofika saa tatu na nusu akatokea Stempu, tarishi wa ofisi ya mtaa, ameshika bahasha kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai.

— Shikamoo Mwalimu. Shikamoo Shangazi. Jamani, nafukuzwa kazi.

— Marahaba. Kaa kwanza, akasema Shangazi. Unafukuzwa au umefukuzwa?

— Saa nane mchana.

Lazima mumjue Stempu. Ana miaka kumi na tisa ofisini na hajawahi kupoteza bahasha hata moja. Ukimwambia peleka, anapeleka. Ukimwambia ngoja, anangoja. Kuna bwana mmoja aliwahi kumwambia "ningoje hapo mlangoni", halafu akatokea mlango wa nyuma kwenda likizo. Jioni mke wa Stempu akaja na chakula na sweta. Ndiyo maana tunamwita Stempu: akibandikwa, habanduki.

Kamusi akavaa miwani, akaichukua barua, akasoma kwa sauti ya darasani:

— "Unatakiwa ueleze kwa maandishi, kabla ya saa nane mchana wa leo, ni kwa nini ulisambaza karatasi za ofisi." Haya. Kwa nini ulisambaza?

Stempu akatia mkono mfukoni, akatoa kikaratasi kidogo kilichokunjwa mara nne. Kilikuwa na mwandiko wa bosi wake, yule mama mwenye viatu vya kugonga, ambavyo nimevibadilishia visigino mara tatu. Kiliandikwa: *Sambaza zote leo.*

Tukakisoma sote kwa zamu.

— Ngoja, akasema Kipara. Alikwambia usambaze?

— Ndiyo.

— Ukasambaza?

— Zote.

— Na sasa anakuuliza kwa nini umesambaza?

— Kwa maandishi.

Shangazi akammiminia kikombe bila kuombwa, jambo ambalo hafanyi ila kwa mgonjwa.

Tukamwambia aanze mwanzo, naye akaanza. Wiki mbili kabla ya hapo paa la stoo lilivuja, mafaili yakalowa. Bosi akamwambia: "Yasambaze uani yakauke." Akayasambaza, yakakauka, na bosi akamwambia "hongera, umeokoa ofisi". Hongera hiyo ilikuwa ya kwanza kwa miaka kumi na tisa. Alikwenda nayo nyumbani, akamsimulia mkewe mara mbili. Basi Jumatatu likaja boksi kutoka makao makuu, karatasi mia nne, zimetoka kwenye mashine ya kuchapia sasa hivi, wino bado unanata kidoleni. Juu ya boksi kile kikaratasi: *Sambaza zote leo.*

— Nikajua, akasema Stempu, zinataka kukauka. Nikazibeba mpaka uani. Nikazipanga moja moja, kwa mistari, na kila moja nikaiwekea kokoto. Kokoto mia nne, jamani. Niliziokota mpaka kwa jirani. Saa saba nilipomaliza uani palikuwa pamependeza, ungedhani pana zulia. Nikaenda kunawa mikono.

— Halafu?

— Halafu upepo.

Hatukuuliza upepo gani. Ule wa Jumatatu kila mtu aliuona. Ulifungua mlango wa saluni uliokuwa umefungwa kwa komeo. Karatasi zilishuka kijiweni kwetu kama njiwa walioona mtama.

— Kumbe zile zilikuwa zako! akasema Kipara.

— Zilikuwa zangu. Nilizikimbilia mpaka magoti yakakataa. Nikarudi na kumi na moja, zimejaa matope. Bosi akaziangalia, akaniambia nikazichome. Leo asubuhi nimekuta bahasha mezani.

Kamusi akatikisa kichwa.

— Wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana.

— Ndiyo kesi yenyewe, Mwalimu. Sikuambiwa.

— Basi nenda kaombe radhi, mdogo wangu, akasema Shangazi. Neno la radhi ni fupi, linakaa hata kwenye kipande cha gazeti.

Stempu akakiweka kikombe chini.

— Shangazi, nikiomba radhi nimekubali kosa, na kosa lenyewe silioni. Mke wangu ananiuliza, umefanya nini? Namwambia, nimefanya nilichoambiwa. Ananiambia, basi hapo ndipo ulipokosea. Miaka kumi na tisa nafanya ninachoambiwa. Sasa kama hilo ndilo kosa, mimi nitaanzia wapi?

Ndipo Kamusi akajinyoosha, akasema jambo lililokula asubuhi yetu yote:

— Hapa dawa ni moja. Tutafute maana ya neno. Tukipata maana na asili ya "sambaza", tunaiandika, tunamshinda huyo bosi kwa lugha.

— Tafuta basi, akasema Shangazi.

— Ni kitenzi.

— Hilo hata kuku analijua.

— Sikiliza. Kuna sambaa, kuna sambaza. Kikisambaa, kimekwenda chenyewe. Ukikisambaza, wewe ndiye uliyekisababishia. Kama lala na laza: mtoto analala mwenyewe, mama anamlaza. Stempu, ulipoziweka chini zilitulia?

— Zilitulia, Mwalimu. Na kokoto juu.

— Basi wewe hukusambaza. Uliziweka tu. Aliyesambaza ni upepo. Andika: "Karatasi zilisambaa." Huna kosa.

Stempu akafikiri. Tukamwona uso unaanza kung'aa, halafu ukazimika.

— Lakini niliambiwa nisambaze. Nikiandika sikusambaza, nimekaidi amri.

Kamusi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Haikusaidia.

— Kwani kamusi yako inasemaje? akauliza Shangazi. Si unayo ile inayoshinda tofali?

Kamusi akakohoa.

— Yangu inaishia R.

— Inaishia nini?

— Herufi R. Kuanzia S mpaka Z walikula mchwa. Mwaka ule wa mvua.

— Aaa! akasema Kipara. Ndiyo maana sijawahi kukusikia ukisema samahani. Wala ukweli.

Tulicheka mpaka benchi likalegea kwenye kile kisigino. Hata Stempu alitabasamu, kisha akaangalia saa. Saa nne na robo.

— Mkiniuliza mimi, akaendelea Kipara, hili neno ni la ngoma. Samba! Hamjaona watu wakicheza samba? Wanaanza wote katikati ya ukumbi, wimbo ukiisha mmoja yuko mlangoni, mwingine yuko jikoni, mwingine hajulikani alipo mpaka kesho. Kusambaza ni kumchezesha mtu samba.

— Kwa hiyo mimi nilizichezesha karatasi?

— Upepo ulizichezesha. Wewe uliandaa ukumbi.

— Nikipeleka hiyo, sifiki saa nane. Nafukuzwa saa tano.

— Mvumilivu hula mbivu.

— Hiyo inaingiaje hapo? akauliza Kamusi.

— Inaingia popote. Ndiyo uzuri wake.

Sasa hapo nakiri kosa ni langu. Nilikuwa na uzi mdomoni, nautia nta, nikautoa nikasema kwa utani tu:

— Labda ni maneno mawili yaliyogeuzwa. Zamani kulikuwa na mzee anaitwa Samba. Vitu vyake vilikuwa havitulii, vinaokotwa kila mahali. Mtu akiuliza "hizi za nani?", anajibiwa "za Samba". Za Samba, za Samba, mwishowe ikageuka samba-za.

Nilitegemea wacheke, lakini hakuna aliyecheka. Kamusi alinigeukia pole pole.

— Endelea.

— Niendelee wapi? Imeishia hapo.

— Vitu gani hivyo?

— Sijui. Mbuzi.

— Haiwezekani. Mbuzi ni *wa* Samba. Ili iwe *za*, lazima kiwe kitu kingine. Kuna viatu, lakini hivyo ni vya Samba. Meza za Samba? Meza haziendi popote.

— Nguo, akasema Shangazi, akajuta papo hapo, nilimwona.

— Nguo! Nguo za Samba! Mwalimu akasimama. Na nguo zinafikaje kila mahali?

— Zimeanikwa! akapiga kelele Kipara. Zimeanikwa uani, upepo ukaja!

Sote tukamgeukia Stempu. Kikombe chake kilikuwa kimesimama njiani, nusu ya safari ya kwenda mdomoni.

— Kumbe, akasema taratibu, limeshawahi kumkuta mwingine.

Kuanzia hapo hapakuwa na breki. Kamusi alisema sasa mambo yote yamenyooka: kusambaza, kwa maana ya kale, ni kuanika mahali pa wazi na kuuachia upepo, hii maana ya kugawa imekuja baadaye kwa uvivu wa wasemaji. Kipara alisema kwanza zilikuwa suruali saba na shuka moja la bluu. Tukamuuliza amejuaje.

— Samba alikuwa babu wa mama yangu.

— Babu wa mama yako wiki iliyopita alikuwa daktari wa meno, nikamkumbusha.

— Daktari wa meno hafui?

— Na ushahidi uko wapi? akauliza Kamusi, ambaye alitaka ushahidi kwa adabu tu, maana alishaamini.

— Lile shuka lilinasa juu ya mti, halikushuka siku tatu. Wazee wakakaa chini wanalisubiri. Ndipo wakasema, aliye juu mngoje chini.

— Lo! akasema Stempu. Na methali imetoka hukohuko?

— Ukoo wetu umetoa maneno mengi, akasema Kipara, akajipangusa upara kwa unyenyekevu. Hatujatangaza tu.

Shangazi alizungusha birika, akasema sisi tutamfukuzisha mtu kazi mbele ya macho yetu, na kwamba kama angekuwa na herufi S mpaka Z nyumbani kwake angezileta kwa mkokoteni ili tunyamaze. Hakusikilizwa. Kamusi alishachukua kalamu na daftari langu la vipimo vya viatu, akachana ukurasa katikati. Barua ikawa hivi, neno kwa neno, maana aliisoma mara tatu:

*"Kwa heshima na taadhima. Kuhusu kusambaza. Asili ya neno hili ni marehemu Mzee Samba, ambaye nguo zake zilianikwa, zikachukuliwa na upepo, zikaokotwa na watu mbalimbali. Hivyo kusambaza, kwa maana yake ya awali, ni kuanika na kuuachia upepo. Nilianika. Upepo ulikuja. Kwa hiyo amri ilitekelezwa kikamilifu. Mjukuu wa marehemu anapatikana saluni kila siku isipokuwa Jumapili."*

Stempu aliipokea kwa mikono miwili. Alikuwa na amani usoni, amani ya mtu aliyeambiwa na daktari kwamba ugonjwa wake una jina.

Wakati huo akasimama dada mmoja mwenye pikipiki, mitungi miwili ya gesi imefungwa nyuma kwa mpira. Hatukuwa tumemwona kabla ya siku hiyo. Akaomba kahawa, akakaa pembeni kabisa ya benchi, helmeti mapajani.

— Karibu dada, akasema Kipara. Pole na kazi. Unafanya nini na mitungi hiyo?

— Nasambaza gesi.

Mliona wapi watu wanne wakigeuza shingo kwa mkupuo?

— Unasambaza! akasema Kamusi. Sema kweli, dada yangu: huwa unaianika?

— Gesi inaanikwaje, baba?

— Basi unafanyaje hasa, unaposambaza? Hatua kwa hatua. Tuna kesi hapa.

Dada akaona watu wana shida, akajibu kwa upole:

— Naangalia ni mtungi gani, naangalia ni wa nani, nampelekea. Kwani kuna nini?

Tukamweleza, kila mtu kwa upande wake, wote kwa pamoja. Boksi, kikaratasi, kokoto mia nne, upepo, Mzee Samba, suruali saba. Alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza kahawa yake, akauliza:

— Na hizo karatasi zilikuwa zimeandikwa nini?



Stempu alimtazama Kamusi. Kamusi akanitazama mimi. Mimi nikatazama soli niliyokuwa nashona, maana nilikuwa nimeikatia kipimo kwa moja ya karatasi hizohizo. Karatasi yenyewe niliigeuza, nikaikunja, nikaikata mviringo, nikaitupa.

— Yangu nilipangusia wembe, akasema Kipara. Ilikuwa na mhuri, hilo nakumbuka. Mhuri mzuri.

— Mimi nimewashia jiko, akasema Shangazi. Tatu.

— Mwalimu, wewe je? akauliza Kipara. Nilikuona umeishika na kalamu.

Kamusi akawa mdogo ghafla.

— Nilisahihisha koma mbili. Na herufi kubwa moja.

— Ukasoma nini?

— Nilisahihisha. Sikusoma.

— Kaka, akasema yule dada, sasa akimgeukia Stempu. Wewe uliziwekea kokoto moja moja. Mia nne.

— Niliangalia kama zimenyooka, akasema Stempu, karibu hakusikika. Dada, mimi nimebeba karatasi miaka kumi na tisa. Sijawahi kusoma hata moja. Nilidhani si adabu.

Dada alimaliza kahawa, akashukuru, akavaa helmeti, akaenda na mitungi yake. Stempu akaikunja barua ya Mzee Samba, akaiweka mfukoni, wala hakuirudia tena. Akasema:

— Nakwenda kumuuliza.

— Kumuuliza nani? Saa nane bado.

— Bosi. Zilikuwa zimeandikwa nini. Sitajieleza kwa kitu ambacho sikijui.

Akaondoka bila kutembea kwa ile hatua yake ya kutumwa. Tulimsubiri. Kipara alimnyoa mteja mmoja upande mmoja akatoka nje kuangalia barabara, mteja akatoka naye.

Saa nane na nusu Stempu akarudi, akakaa kwenye benchi kabla hatujamkaribisha.

— Haya?

— Nimemuuliza.

— Akasema nini?

— Akasema, "Hilo ndilo unalokuja kuniuliza?" Nikasema, ndiyo bosi, ili nijue nilichosambaza. Akafungua droo. Akatafuta chini ya meza. Halafu akaniuliza kama nimebakiza hata moja. Nikamwambia zile kumi na moja uliniamuru nizichome. Akakaa.

— Kumbe naye hajui! akasema Shangazi.

— Boksi lilikuja, akaona ni karatasi, akaandika sambaza. Basi. Akapiga simu makao makuu kuuliza zinahusu nini. Wakamjibu: "Si tumekuletea karatasi? Soma." Wakakata.

Stempu akaendelea:

— Akaichukua barua yake ya kunitaka nijieleze, akaichana. Akasema, "Nikiipeleka hii juu, wataniuliza karatasi zenyewe zilisema nini." Halafu akaniambia niketi. Jamani, miaka kumi na tisa, sijawahi kuketi mle ndani. Kiti kinazunguka.

Shangazi alitoa kahawa kwa wote kusherehekea. Kipara alitaka Mzee Samba atajwe katika furaha hiyo. Kamusi alisema kwamba kimsingi tumeshinda kwa lugha.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi asubuhi nilifungua kibanda nikamkuta Shangazi amekaa kwenye benchi, jiko limelala miguuni, birika limepinduliwa mdomo chini.

— Leo hakuna kahawa, akasema.

— Unaumwa?

— Maji hayatoki tangu alfajiri. Mtaa mzima. Kaangalie kwako.

Akaja Kipara na sabuni imemkaukia mkononi. Akaja Kamusi. Akaja Stempu na ndoo mbili tupu, moja ya nyumbani kwake na moja ya ofisi. Tulikaa. Mwishowe Kamusi akafungua kinywa:

— Huenda zile karatasi...

— Nyamaza, akasema Shangazi.

Saa nne ikapita habari kwamba mtaa mzima nyumba moja tu ina maji: ya bibi mmoja mshona mapazia, anayekaa peke yake mwisho wa barabara ya vumbi. Tukaenda na ndoo, wote, tukiwa tumejipanga kama watoto wa shule. Tulikuta mapipa matatu yamejaa hadi shingoni, beseni zimejaa, hata chupa zimejaa, zimepangwa dirishani.

— Shikamoo bibi, akasema Stempu. Bibi yetu ulijuaje?

— Marahaba wanangu. Kwani nyie hamkupata karatasi? Yangu ilikuja yenyewe Jumatatu, ikajibandika kwenye dirisha hilo. Maji yanafungwa Alhamisi mpaka Jumamosi, wanabadilisha mabomba, kila mtu ajaze vyombo. Nikasema, ofisi ya mtaa siku hizi inajitahidi. Zamani hawakuwa wakifika huku kwangu.

Stempu aliweka ndoo zake chini.

— Bibi, ulisoma yote?

— Yote. Mpaka chini kwenye mhuri. Mara mbili, maana macho yangu si mazuri.

Stempu akageuka, akatutazama mmoja mmoja. Sijawahi kumwona amesimama amenyooka namna ile. Kisha akainama, akaanza kutuchotea maji, wa kwanza Shangazi.